Mwongozo wa Kuosha na Kutunza Mabakuli ya Mti

Bakuli la mti lililochongwa na fundi ajuaye kazi yake, kutokana na gogo lililokaushwa kwa subira, laweza kupakuliwa wali katika nyumba moja tangu zama za bibi hata zama za mjukuu, na katika umri wote huo lisimdai mwenyewe illa kitambaa, mafuta kidogo, na dakika chache za uangalifu baada ya kila chakula. Walakini mengi ya mabakuli haya, pamoja na vyano, vinu, miiko na vibao vya kukatia, hupasuka au kuoza yangali mapya, na mwenye nyumba aghalabu huyasingizia maji, akasema kwamba mti na maji havipatani. Dai hilo halina ithibati. Jahazi hukaa baharini miaka na miaka mbao zake zikiwa nzima, na siku zake za hatari ni zile lipandishwapo pwani likaachwa kuchomwa na jua la kaskazi bila ya kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Hapo ndipo mbao huachana, na mafundi hulazimika kulitia kalfati upya kabla ya kulirudisha majini. Bakuli la jikoni lina tabia hiyo hiyo: likinywa maji machache kisha likayaacha taratibu, pande zote kwa pamoja, halidhuriki, likinyweshwa mengi kwa kulowekwa, au likinyang'anywa maji yake kwa ghafula na kwa upande mmoja, hupasuka. Yote nitakayokueleza, msomaji, yanatokana na asili hiyo moja, nawe ukiishika barabara utaweza kuamua mwenyewe hata katika jambo nisilolitaja.

Mti, hata ukiisha kukatwa, kupasuliwa na kuchongwa, hauachi kuvuta unyevu wa hewa na kuutoa, kwa kuwa ndani yake mna mirija myembamba isiyoonekana kwa jicho, ile ile iliyopandisha maji kutoka mizizini hata majanini, na kuta za mirija hiyo hutanuka zinywapo na kunywea zikaukapo. Kutanuka huku hakulingani pande zote: kwa urefu wa shina mti haubadiliki ila kidogo mno, lakini kwa kuufuata mzingo wa shina hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea moyoni. Ndiyo sababu bakuli lililotoka kwa fundi likiwa duara kamili huonekana, baada ya miaka, limerefuka kidogo upande mmoja, na jambo hilo si aibu ya fundi wala dalili ya ubovu. Tena, ukilitazama bakuli kwa makini utaona kuwa pande mbili za ukuta wake, zinazokabiliana, zina vitone vidogo vidogo mahali ambapo pande nyingine zina mistari mirefu; hapo ndipo mirija ilipokatwa midomo yake ikabaki wazi, hapo ndipo maji huingia upesi na kutoka upesi, na ufa kwa kawaida huanzia hapo. Sehemu hizi mbili uzijue kwa vidole na kwa macho, maana ndizo utakazozizidishia mafuta kila upakapo.

Utunzaji mwema huanzia kwenye ununuzi. Mninga na mkongo ni miti migumu yenye moyo wa rangi ya hudhurungi, wadudu hawaupendi, na vyombo vyake hudumu. Mwembe ni laini na mwepesi kuchongwa, nao siku hizi hutumiwa sana na wachongaji wa Kenya, wakiwemo Wakamba wa Wamunyu na wa ushirika wa Changamwe, Mombasa, kwa kuwa muhuhu na mpingo imekuwa adimu. Bakuli la mwembe si baya, ila hunywa mafuta mengi zaidi, hushika rangi ya chakula upesi, na lataka jicho la mara kwa mara kwa ajili ya wadudu. Kabla ya kutoa fedha zako, ligonge bakuli kwa kifundo cha kidole: lililo zima hulia kwa sauti wazi, na lenye ufa uliofichwa kwa nta na unga wa mbao hutoa sauti butu. Lipime uzito kwa mkono vilevile, na uliweke shavuni. Likiwa zito kupita kiasi cha umbo lake, tena la baridi, yamkini lilichongwa kwa mti mbichi, na ukilipeleka mahali pakavu litakupasukia mkononi kabla ya mwaka kwisha.

Kuna hadhari moja nisiyoweza kuipita kwa haraka. Mabakuli mengi yauzwayo kwa wasafiri pamoja na vinyago hung'arishwa kwa dawa ya viatu, ili yapendeze machoni, na muuzaji asipoulizwa hasemi. Chukua kitambaa cheupe, kitie mafuta ya nazi, ukisugue ndani ya bakuli kwa nguvu. Kikitoka na weusi au wekundu mzito wenye harufu ya dawa, bakuli hilo ni pambo la sebuleni, usilitie chakula. Bakuli lililopakwa vanishi nalo lina hukumu yake: maadamu vanishi ni nzima na fundi amekuthibitishia kuwa ni ya vyombo vya chakula, lioshe na kulifuta basi, kwani mafuta hayapenyi, lakini vanishi ikianza kubanduka magamba, yafaa uiondoe yote kwa msasa, kwa sababu magamba hayo huishia katika wali, na maji hujificha chini ya yale yaliyobaki.

Bakuli jipya lisilo na rangi wala vanishi lioshe kwa maji ya vuguvugu, lifute, uliache kivulini hata likauke kabisa, nawe utaona ndani yake pameota nyuzi ndogo za mti zinazokwaruza kiganja. Hizo ni nyuzi zilizolala wakati wa kuchongwa, na maji yamezisimamisha. Zisugue kwa msasa laini kwa kuufuata mwelekeo wa mistari ya mti, kamwe usiikatize, kisha rudia kuosha, kukausha na kusugua mara nyingine. Wazee walitumia kwa kazi hii majani makavu ya mti wa msasa, ambayo yangali yanafaa kwa yule ayapataye. Ukisha kumaliza, ndipo uanze mafuta. Kinu kipya kina jambo la ziada: kitwangie pumba au chuya pamoja na chumvi, uzimwage, urudie, hata utwangacho kitoke bila ya unga wa mbao wala harufu ya mti mbichi, na kinu cha pilipili na thomu kiwe mbali na kinu cha nafaka, kwani harufu ya thomu ikisha kuingia katika mirija ya mti haitoki kwa ahadi.

Sasa tuje kwenye kuosha kwa kila siku, ambako ndiko wengi hukosea kwa nia njema. Bakuli lioshwe mara chakula kiishapo, wala lisingojee vyombo vingine. Tui la nazi lililokauka ukutani mwake huchacha, wanga wa wali hugeuka gamba, na vyote viwili hukulazimisha baadaye kusugua kwa nguvu au kuloweka, nayo mambo hayo mawili ndiyo tunayoyakimbia. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya mche au ya maji, na dodoki, au kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa kikalainika. Osha ndani na nje kwa wakati mmoja, hata ikiwa nje hapakuchafuka, ili pande zote mbili zinywe maji sawasawa na kuyatoa sawasawa. Ukiosha ndani tu, ukuta wa ndani hutanuka ilhali wa nje umetulia, na mvutano huo ukirudiwa siku nyingi huzaa ufa. Kama kuna gamba gumu, mimina maji ya moto kiasi ya kufunika gamba lenyewe, ungoje dakika chache, kisha ulikwangue kwa ukingo wa mwiko. Usilitumbukize bakuli katika beseni ukaenda zako, usilitie katika mashine ya kuoshea vyombo, ambayo hulichemsha kisha ikalikausha kwa hari, na usilisugue kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Nyuzi hizo huacha chembe za chuma katika mti, na chuma kikikutana na maji pamoja na ile asili ya ukakasi iliyomo katika miti mingi, hutoa madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Ndimu huyafifisha madoa hayo, lakini ni rahisi zaidi kutoyaleta.

Ukisha kusuuza, lifute bakuli kwa kitambaa kikavu cha pamba, ndani, nje na kitakoni, hata mkono usione majimaji. Hapa naomba usifanye pupa, kwa maana nusu ya utunzaji wote imo katika kukausha. Lisimamishe kwa ukingo wake, likiegemea ukuta au kichanja, kivulini penye upepo, ili hewa ilipitie pande zote. Kulifudikiza juu ya meza ni kosa linaloonekana kuwa adabu: unyevu uliomo ndani hufungiwa pasipo pa kutokea, ukingo hulala katika maji yaliyochuruzika, na koga huanzia hapo. Kulianika juani ni kosa lililo wazi zaidi, kwani upande uliolielekea jua hunywea kabla ya upande wa pili kujua habari. Na kuliweka karibu na mafiga au juu ya jiko lenye moto ni kulipasua kwa kusudi. Liache hivyo usiku mzima kabla ya kulirudisha kabatini, wala usilifunike kwa bakuli jingine hata yote mawili yawe makavu hakika.

Mafuta ndiyo kinga ya bakuli, nayo kazi yake ni kuijaza mirija ya mti ili maji ya chakula na ya kuoshea yasipate nafasi, na tena kuyachelewesha maji ya asili ya mti yasitoke kwa ghafula wakati wa ukavu. Si kila mafuta yafaayo. Samli na mafuta ya nyama huchacha, na bakuli lililopakwa hayo hunuka hata maji ya moto yasilisaidie. Mafuta ya alizeti na ya mahindi, ambayo hupatikana kwa urahisi katika kila duka, yakikaa juu ya mti hugeuka ulimbo: hayakauki yakawa magumu, wala hayabaki maji, bali hunata na kukusanya vumbi. Mafuta ya uto, yaani ya ufuta, yana asili inayoyazuia kuchacha upesi, nayo ni afadhali sana kuliko ya alizeti, ingawa bei yake hupanda na harufu yake si kila mtu aipendaye katika chombo cha matunda.

Kwa watu wa pwani, mafuta ya nazi ndiyo yaliyo karibu, nami nayasifu kwa sharti. Sehemu kubwa ya mafuta haya, karibu 90 kwa mia, ni ya ile jamii isiyoshambuliwa upesi na hewa, na kwa hiyo hukaa muda mrefu bila ya kuharibika. Lakini hayo ni mafuta yaliyopikwa hata maji yote yakaisha, yakachujwa mashapo yote yakabaki katika kitambaa. Mafuta ya nyumbani yaliyopikwa kwa haraka, yenye tui ndani yake, huchacha katika mti kama yanavyochacha katika chupa. Yanuse kabla ya kuyatumia: yenye harufu ya ukali au ya sabuni yape kazi nyingine. Na kwa wale wakaao nyanda za juu, wa Arusha, Nairobi au Bukavu, ni vyema kukumbuka kuwa mafuta ya nazi huganda hewa ishukapo chini ya nyuzi 24 au 25 za sentigredi, kwa hiyo yapashe moto kidogo kabla ya kupaka, ama sivyo yatabaki juu ya mti kwa weupe wake.

Mafuta mengine mema ni yale meupe yasiyo na harufu yauzwayo katika maduka ya dawa kwa jina la likwidi parafini, ambayo hayachachi kabisa. Sema jina lote kwa muuzaji, na utazame chupa, kwa sababu mafuta ya taa nayo huitwa parafini na baadhi ya watu, na mafuta ya taa ni sumu. Ama mafuta ya kitani, mafundi seremala huyapenda kwa kuwa hukauka yakawa ngozi ngumu inayozuia maji vizuri. Lakini yale yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa, yauzwayo katika maduka ya rangi, kwa kawaida yametiwa dawa za kuyakausha upesi zisizofaa karibu na chakula. Ukipata ya kitani safi yaliyokamuliwa kwa ajili ya kuliwa, yatumie kwa uchache, uliache bakuli wiki kadhaa likauke, na kitambaa ulichopakia kitandaze nje wazi hata kikauke au kitose majini; usikikunje ukakitupa katika pipa la taka, kwa maana mafuta haya yakaukapo hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa chaweza kushika moto chenyewe.

Namna ya kupaka ni hii. Bakuli liwe kavu kabisa, limekaa siku moja au mbili bila ya kuguswa na maji. Yapashe mafuta yawe ya vuguvugu, uyatie katika kitambaa laini, usugue ndani, nje, ukingoni na kitakoni kwa kuifuata mistari ya mti, na zile sehemu mbili zenye vitone uzirudie mara tatu au nne, kwa kuwa zitayanywa mafuta mbele ya macho yako. Liache usiku kucha. Asubuhi, yale mafuta ambayo mti umeyakataa uyafute yote kwa kitambaa kikavu, wala usiyaonee huruma, kwani mafuta yaliyobaki juu ndiyo yanatayo na kunuka. Bakuli jipya lipakwe hivyo mara tatu katika wiki ya kwanza. Baada ya hapo usiifuate kalenda, lifuate bakuli lenyewe: dondoshea tone la maji ndani yake, na tone likikaa limevimba, mti umeshiba; likitandaa na kuacha alama nyeusi, mti una njaa ya mafuta. Nyumba yenye watu wengi itaona haja hiyo kila baada ya wiki chache, na nyumba ya watu wawili huenda ikakaa miezi.

Ukitaka kinga ya kudumu zaidi, changanya nta ya nyuki na mafuta, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta ya nazi au ya likwidi parafini. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo haina haja ya moto mkali: tia vyote viwili katika kikopo, ukisimamishe kikopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, ukoroge hata iwe maji, kisha uiache igande. Usiiweke nta juu ya moto wenyewe, maana mvuke wake hushika moto. Mchanganyiko huu hupakwa baada ya mafuta matupu kuingia, kwa kidole au kitambaa, ukasuguliwa hata ung'ae; nao huzuia maji vyema, ila chakula cha moto sana huulainisha, na kwa hiyo nauona wafaa zaidi kwa mabakuli ya matunda, mikate na kachumbari kuliko kwa chano cha wali unaotoka jikoni ukifuka moshi.

Kuhusu harufu na madoa, adui mkubwa wa jikoni za pwani ni shombo. Bakuli lililotiwa samaki, au lililokatiwa vitunguu na thomu, linyunyizie chumvi kavu, ulisugue kwa nusu ya ndimu kwa duara pole pole, uliache dakika chache, ulisuuze na kulikausha, kisha ulipake mafuta, kwa sababu ndimu na chumvi huukausha mti. Doa la binzari halisikii ndimu wala sabuni. Rangi yake huyeyuka katika mafuta na hufifishwa na mwanga wa jua, basi lifute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kisha uliweke bakuli mahali penye mwanga mwingi wa asubuhi, si jua kali la adhuhuri, ulipinduepindue, na baada ya siku chache doa litakuwa limekwenda zake. Dawa kali za kung'arishia nguo usizitie katika mti, kwani hula nyuzi zake na harufu yake hubaki. Achari, siki na ukwaju visilale ndani ya bakuli. Vipakuliwe, viliwe, na kilichobaki kirudi katika chupa au chombo cha udongo.

Wapo waonao kuwa vyombo vya mti ni najisi kwa afya, wakavitupa ili wanunue vya plastiki. Mwaka 1994 Nese Ak, Dean Cliver na Charles Kaspar wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio yao ya kuwapaka bakteria juu ya vibao vya mti na vya plastiki, na wakaona kwamba juu ya mti, baada ya dakika chache, bakteria wengi hawakuweza tena kupatikana, kwa kuwa hunyonywa ndani pamoja na majimaji, ambako hawazaani. Ilhali plastiki iliyokwisha kukwaruzwa kwa visu ilikuwa ngumu kuitakasa. Hii si ruhusa ya uvivu. Kuku mbichi, nyama mbichi na samaki mbichi viwe na kibao chao peke yake, na bakuli la kachumbari lisikutane navyo.

Majira nayo yana hukumu. Wakati wa masika hewa ya Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa hujaa unyevu hata nguo zisikauke, na bakuli lililofungiwa kabatini huota koga kwa siku chache. Litoe, upige brashi kavu nje ya nyumba ili vumbi la koga lisisambae jikoni, ulifute kwa kitambaa chenye siki, ulikaushe upeponi, na weusi ukibaki uusugue kwa msasa kabla ya kupaka mafuta. Na kwa miezi hiyo kabati iachwe wazi angalau saa chache za mchana. Wakati wa kaskazi hatari hugeuka ikawa ukavu. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa anayelihamisha bakuli kutoka pwani kwenda Dodoma, au kulipelekea jamaa zake Maskati katika nyumba yenye kiyoyozi mchana na usiku, au Ulaya ambako nyumba hupashwa moto wakati wa baridi. Lishibishe mafuta kabla ya safari, na likifika lifunge katika gazeti au mfuko wa karatasi wiki mbili au tatu, ukilifunua kila siku muda mfupi, ili lizoee hewa mpya kwa taratibu. Wala usiliweke mbele ya kiyoyozi au karibu na chombo cha kupashia moto.

Ukiona unga mwembamba chini ya bakuli, na vitundu vidogo vya duara kitakoni, jua kwamba linabunguliwa na wadudu, ambao hupenda zaidi ule mti mweupe wa nje kuliko moyo wake. Litenge na vyombo vingine siku hiyo hiyo. Usilipulizie dawa ya wadudu, kwani ni chombo cha chakula. Njia iliyo salama ni kulifunga katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuliweka katika friza wiki moja au mbili, kisha kuliacha ndani ya mfuko huo lipoteze baridi yake kabla ya kulifungua, ili lisitoe jasho. Halafu vitundu vizibwe kwa nta, nawe utazame kama unga mpya utatokea.

Ufa mdogo usiopenya upande wa pili ukauke vizuri, kisha ujazwe kwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao ya aina ile ile, na ulainishwe. Watu wengine hulifunga bakuli lililopasuka katika kitambaa kibichi, na ufa hujifunga kweli kwa kuwa mti umevimba. Lakini likikauka hufunguka tena, mara nyingi zaidi ya kwanza, kwa hiyo shauri hilo silikubali. Ufa uliopenya huweza kushonwa, na vibuyu vilivyopasuka vimeshonwa hivyo tangu zamani: toboa vitundu pande zote mbili za ufa, mbali kidogo na ukingo wake, upitishe waya mwembamba wa shaba au uzi wenye nguvu, ukaze bila ya kulazimisha. Bakuli la namna hii halitapokea tena mchuzi wala tui, lakini litapokea vitunguu, mayai, ndimu, maandazi na mikate kwa miaka mingi, wala halina haja ya kufichwa mbele ya wageni. Lakini bakuli lililooza kitako, likawa laini kwa ukucha na kutoa harufu ya ardhi hata baada ya kuoshwa na kukaushwa, halina dawa, litoe jikoni.